Glenn Cunningham na ranchi ya vijana walioshindikana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wetu tumemjua Glenn Cunningham kupitia ile hadithi inayosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp: mtoto aliungua miguu, daktari akasema hatatembea tena, akaja kuwa bingwa wa mbio. Hadithi huishia hapo, kwenye medali. Miaka yake 30 hivi ya kulea vijana ambao shule, mahakama na hata wazazi wao walikuwa wamekata tamaa nao haitajwi. Nimekusanya hapa maswali ambayo wazazi, walimu na makocha huuliza juu yake, na nimejibu kwa kirefu pale panapostahili.

Cunningham alikuwa nani?

Mmarekani, mkimbiaji wa mbio za kati, aliyezaliwa tarehe 4 Agosti 1909 huko Atlanta, Kansas (usichanganye na jiji la Atlanta la Georgia) na kukulia Elkhart, mji mdogo ulioko kwenye kona ya mwisho kabisa ya kusini-magharibi mwa jimbo hilo. Katika miaka ya 1930 alikuwa mmoja wa wakimbiaji wakubwa wa maili moja duniani. Alipoacha mashindano alisomesha, akahudumu katika jeshi la majini, kisha yeye na mkewe Ruth wakafungua ranchi yao Kansas kwa ajili ya watoto na vijana waliokuwa matatani. Alifariki tarehe 10 Machi 1988 huko Menifee, Arkansas.

Ile hadithi ya moto ni ya kweli?

Ni ya kweli, na ilivyotokea ni nzito kuliko inavyosimuliwa. Ilikuwa Februari 1917, asubuhi ya baridi. Glenn alikuwa na miaka saba. Alikuwa amewahi shuleni na kaka yake Floyd, mwenye miaka 13, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasha jiko la kupasha darasa joto. Katika debe lililozoea kuwekwa mafuta ya taa, mtu alikuwa ametia petroli kwa makosa. Floyd akamimina, makaa ya jana yalikuwa bado hai chini ya majivu, na chumba kikalipuka.

Floyd alikufa kwa majeraha yale. Masimulizi mengi ya kutia moyo humwacha nje kabisa, labda kwa sababu kifo cha mtoto kinaharibu utamu wa hadithi. Mimi naona bila Floyd hatuwezi kumwelewa Glenn wa baadaye. Huyu hakuwa mtoto aliyeumia tu. Alimzika kaka yake, naye akabaki hai.

Miguu ya Glenn iliungua vibaya sana. Nyama ya magotini na kwenye miundi ilikwisha, na vidole vyote vya mguu wa kushoto vikapotea. Madaktari walishauri akatwe miguu. Aliposikia alilia na kukataa, na wazazi wake hawakuruhusu. Mama yake akawa anamkanda miguu ile kila siku, mwezi baada ya mwezi. Ni mwaka 1919, miaka miwili baada ya moto, ndipo alipoanza tena kujaribu kutembea.

Alitoka vipi kwenye kutembea akafika kwenye kukimbia?

Kwa kazi za shambani, na kwa sababu kutembea kulimuuma kuliko kukimbia. Mwenyewe alieleza hivyo: akitembea, maumivu yanakuja kwa kila hatua, akikimbia yanapungua. Basi akawa anakimbia kila anapokwenda. Watu wa kwao walimwona mtoto mwenye makovu akipita mbio barabarani na kudhani ametumwa haraka.

Miguu ile haikupata kuwa ya kawaida. Hata alipokuwa bingwa ilimbidi apashe mwili joto kwa muda mrefu sana, karibu saa nzima, kabla ya mbio, kwa kuwa damu haikupita vizuri kwenye sehemu zilizokuwa na makovu. Wapinzani wake walikuwa wakifika uwanjani na kumkuta tayari amelowa jasho. Makocha mtakaosoma hapa mtaelewa: wakati huo wakimbiaji wengi walijinyoosha dakika chache tu, wakiogopa kumaliza nguvu. Vilevile alikimbia nusu ya kwanza polepole na ya pili kwa kasi, wakati wenziwe wengi wakifanya kinyume.

Alishinda nini?

Kwa ufupi. Rekodi ya dunia ya maili moja, dakika 4:06.8, Princeton, Juni 1934. Rekodi ya dunia ya mita 800, dakika 1:49.7, Stockholm, Agosti 1936. Olimpiki ya Los Angeles ya 1932 alikuwa wa nne katika mita 1500. Ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden, New York, alishinda mbio 21 kati ya 31 alizokimbia.

Olimpiki ya Berlin ya 1936 inataka maneno zaidi kidogo. Katika fainali ya mita 1500 Cunningham alimaliza kwa 3:48.4, muda uliokuwa bora kuliko rekodi ya dunia iliyokuwapo asubuhi ile. Akapata medali ya fedha. Jack Lovelock wa New Zealand alikuwa amechomoka ikiwa imebaki kama mita 300, akamaliza kwa 3:47.8. Kuvunja rekodi ya dunia na bado kushindwa ni jambo la kumwonea mtu huruma, lakini naona lilimfaa baadaye, alipokuwa akizungumza na vijana ambao kila walichojaribu kilikuwa kimekwama.

Alikuwa na elimu gani ya kulea vijana?

Alisoma Chuo Kikuu cha Kansas, akapata shahada ya pili Iowa, na mwaka 1938, akiwa bado anakimbia, alipata shahada ya uzamivu kutoka New York University. Aliongoza elimu ya viungo katika Cornell College, Iowa. Vita vya pili vya dunia vilipopamba moto aliingia jeshi la majini na kupanga mazoezi ya askari. Hakuwa mwanasaikolojia. Alikuwa mwalimu, mtoto wa shamba, mtu wa dini, tena mkali sana juu ya pombe na sigara. Alizunguka akihutubia shuleni na makanisani dhidi ya vitu hivyo. Andiko alilolipenda ni Isaya 40:31, lile la wamngojeao Bwana kupiga mbio wasichoke.

Ranchi ilikuwa wapi na ilianza lini?

Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1940, baada ya yeye na Ruth kuoana mwaka 1947. Mwanzo ilikuwa Cedar Point, katika wilaya ya Chase, kwenye vilima vya nyasi ndefu viitwavyo Flint Hills. Udongo ule una mawe mengi mno kwa plau, na ndiyo maana mpaka leo ni nchi ya ng'ombe. Baadaye walihamia Augusta, karibu na Wichita.

Haikuanza kama taasisi. Cunningham alikuwa akienda kutoa hotuba mahali, mwalimu au mzazi anamfuata akimlilia hali juu ya kijana fulani, naye anamchukua. Wakaja wengine, mahakimu nao wakaanza kuwapeleka watoto kwake badala ya kuwafunga. Yeye na Ruth walikuwa na watoto wao 10, ukiongeza wawili wa ndoa yake ya kwanza wanakuwa 12, na wageni hao wakachanganywa humo humo.

Ni vijana wangapi walipita pale?

Hesabu inayotajwa ni kati ya 9,000 na 10,000. Usifikirie bweni la maelfu. Ni jumla ya takriban miaka 30, na ndani yake wamo waliokaa majira ya kiangazi tu pamoja na walioishi pale miaka mpaka wakawa watu wazima.

Walikuwa wamefanya makosa gani?

Mchanganyiko. Wengine walikuwa wameiba, wengine watoro wa shule, wengine walevi wadogo, na wengine hawakuwa na kosa lolote ila walitoka nyumba ambazo baba na mama walikuwa vitani kila siku. Sisi huwaweka wote kapu moja na kuwaita watukutu. Kwenye ranchi pia walikuwa kapu moja, lakini kwa maana nyingine: hakuna aliyepewa kazi nyepesi kwa kuwa ana historia ya kusikitisha, wala nzito kwa kuwa ana historia ya aibu.

Njia yake ilikuwa ipi? Alikuwa anawafanyisha mazoezi ya mbio?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na jibu linawashangaza watu wa riadha. Hapana. Mbio hazikuwa moyo wa ranchi. Moyo wake ulikuwa wanyama na kazi.

Cunningham aliamini kwamba kijana ambaye haaminiki kwa mtu yeyote anaweza kuaminika kwa farasi. Chukua kijana wa miaka 15 aliyezoea mjini, umkabidhi mnyama. Farasi hajui kama kijana huyu aliwahi kufikishwa mahakamani. Anajua maji yamefika au hayajafika. Ukimwendea kwa hasira anarudi nyuma, masikio yanalala, na huwezi kumtia hatamu hata kama una nguvu kiasi gani. Ukitulia, naye anatulia. Ng'ombe wa maziwa naye hajali jana mligombana na nani. Asubuhi kiwele kimejaa na lazima akamuliwe, jioni tena. Usipokwenda, analia mpaka nyumba nzima isikie, na kila mtu anajua zamu ilikuwa ya nani.

Angalia kinachotokea hapo. Hakuna mtu mzima aliyesimama juu ya kijana na kiboko. Adhabu ya uzembe inaonekana kwa macho, ni kiumbe chenye kiu. Na malipo ya bidii nayo yanaonekana, kwa sababu mnyama anamjua anayemlisha na humfuata kwenye uzio. Kwa kijana ambaye hajawahi kungojewa na yeyote, hilo ni jambo kubwa.

Sasa rudi kwenye ile miguu iliyoungua. Glenn hakuponywa na huruma. Alipewa mikono ya mama iliyokuja kila siku bila kukosa, na shamba ambalo halikumngoja apone ndipo lianze kuhitaji kazi yake. Vitu hivyo viwili, mtu mzima asiyekosa na kazi ya kweli, ndivyo alivyowapa watoto wa watu.

Ruth alikuwa na nafasi gani?

Nusu ya ranchi, na pengine zaidi. Mume alisafiri sana kutoa hotuba, kwa sababu ada za hotuba zile ndizo zilizolisha nyumba. Aliposafiri, aliyebaki na watoto wake 10 na makumi ya watoto wa wengine alikuwa Ruth: chakula, nguo, homa za usiku, ugomvi wa mezani. Jina la ranchi likabeba jina la mume. Ukitaka kuiga ranchi hii, swali la kwanza lisiwe utampata wapi bingwa. Jiulize utampata wapi Ruth.

Pesa zilitoka wapi? Bingwa si tajiri?

Si bingwa wa zama zile. Riadha ilikuwa ya ridhaa. Mkimbiaji aliyepokea zawadi ya fedha alifungiwa. Cunningham alijaza uwanja wa Madison Square Garden miaka yote ile na hakuondoka na utajiri. Ranchi iliendeshwa kwa akiba, hotuba, mazao ya shamba na msaada wa hapa na pale, na mara nyingi hali ilikuwa ngumu.

Je, kuwafanyisha kazi watoto si unyonyaji?

Inaweza kuwa, na ni vizuri swali hili liulizwe. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inaruhusu mtoto kufanya kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na inakataza kazi za hatari na za kinyonyaji. Kipimo changu ni hiki: kazi ikisimama, nani anapata hasara? Kama ni mwenye shamba anayekosa faida, huyo mtoto ni kibarua. Kama ni mtoto anayekosa nafasi ya kujifunza kuaminika, na shule yake inaendelea, na analala na kushiba, hapo tunazungumza malezi. Kwa Cunningham watoto wake mwenyewe walikamua ng'ombe walewale, zamu zilezile. Pale ambapo watoto wa mwenye nyumba wako shuleni na wa kuletwa wako machungani, hakuna haja ya kujadili zaidi.

Si ndiyo hizi kambi za Marekani tunazosikia watoto wanateswa?

Ni ukoo mmoja lakini si kitu kimoja. Marekani ina historia ndefu ya makao ya aina hii. Cal Farley, mwanamieleka, alianzisha ranchi ya wavulana Texas mwaka 1939, kabla ya Cunningham. Baadaye biashara kubwa ikaota juu ya wazo hilo: kambi za jangwani, shule za kurekebisha tabia zenye milango ya kufungwa, wazazi wakilipa maelfu ya dola kwa mwezi. Waliopita humo wamesimulia kufungiwa peke yao, kunyimwa simu, kuchukuliwa vitandani usiku na watu wasiowajua. Mmoja wa waliojitokeza kupaza sauti ni Paris Hilton, aliyepelekwa katika shule ya namna hiyo Utah akiwa kijana. Juhudi hizo zilichangia kupitishwa kwa sheria ya shirikisho dhidi ya unyanyasaji wa watoto kwenye taasisi, iliyotiwa saini Desemba 2024.

Tofauti ninayoiona mimi iko kwenye makazi. Cunningham aliishi mule. Watoto walikula mezani kwake, wakamwona akichoka, akikasirika, akisali. Mahali ambapo mwenye mali anaishi mji mwingine na walezi wanabadilishwa kila baada ya miezi michache, hata farasi 100 hawatasaidia.

Kwetu Afrika Mashariki kuna mfano wa karibu?

Upo, na tunapaswa kujivunia. Kipchoge Keino, Eldoret. Mwaka 1968 Mexico City alishinda dhahabu ya mita 1500 akimwacha nyuma sana Jim Ryun, kijana wa Wichita aliyesoma Chuo Kikuu cha Kansas, chuo kilekile cha Cunningham. Miaka minne baadaye Munich alichukua dhahabu ya mita 3000 kuruka viunzi na maji. Keino alifiwa na wazazi akiwa mdogo. Yeye na mkewe Phyllis walianza kuchukua watoto wasio na wa kuwalea tangu akiwa polisi, na shamba lao lililolisha makao hayo waliliita Kazi Mingi. Baadaye wakajenga shule. Mwaka 2016 huko Rio alikuwa mtu wa kwanza kupewa tuzo ya Olympic Laurel kwa kazi hiyo.

Watoto si wa aina moja: Keino alilea zaidi mayatima na waliotelekezwa, Cunningham alipokea zaidi vijana walioharibikiwa. Lakini ukiwatazama sambamba, wakimbiaji wawili wa mita 1500, wake wawili waliobeba mzigo sawa na waume zao, mashamba mawili yenye ng'ombe, huwezi kusema wazo hili ni la kizungu.

Kwa vijana wenye kesi, tunazo taasisi za serikali: Tanzania kuna Shule ya Maadilisho ya Irambo, Mbeya, Kenya kuna shule za kurekebisha tabia kama Wamumu, na borstal (gereza la kurekebisha vijana waliohukumiwa) ya Shimo la Tewa kule pwani. Jamii zetu za wafugaji nazo zinajua tangu zamani kumkabidhi mtoto ndama ni kumkabidhi jina. Tunachokosa ni mahali pa katikati, kwa ajili ya yule ambaye hajafika mahakamani ila nyumbani hakukaliki tena. Huyo kwa sasa tunamwambia asiyefunzwa na mamaye atafunzwa na ulimwengu, halafu tunafunga mlango.

Nina kijana aliyenishinda. Nimpeleke mahali kama hapo?

Wazazi wengi wanaoniuliza hivi wako ughaibuni, Minnesota au Birmingham, na wanawaza kumrudisha mtoto nyumbani akalelewe "kwa adabu". Naelewa uchovu wenu. Kabla ya yote, mpelekeni kwa daktari. Tabia iliyobadilika ghafla inaweza kuwa ugonjwa, dawa za kulevya au jambo alilotendewa ambalo hajaweza kulisema. Tena mwambieni ukweli anakokwenda. Kijana aliyedanganywa kwamba ni likizo, kisha akaachwa na pasipoti ikachukuliwa, atakuwa na jeraha jipya juu ya la zamani.

Mkishaamua, nendeni mkaone wenyewe. Ulizeni mwenye mahali analala wapi. Ulizeni usajili, na piga simu ustawi wa jamii wa wilaya kuuthibitisha. Ulizeni mtoto akikosea hufanywa nini, kisha waulizeni watoto swali hilohilo mkiwa nao peke yenu. Angalieni wanyama: waliokonda na wenye vidonda visivyotibiwa wanasema mengi juu ya wanaowatunza. Ulizeni kama atapiga simu nyumbani kila wiki bila mtu kumsikiliza, na kama mnaweza kufika siku yoyote bila taarifa. Wakisita kwenye hili la mwisho, mrudisheni mtoto kwenye gari siku hiyohiyo.